Rali Niliyoiona Kutoka Chini ya Gari

Vijana wa gereji mmeniomba niandike niliyoyaona katika miaka yangu ya kazi. Nawaambia mapema kwamba sikuona mengi. Muda mwingi nilikuwa chini ya gari. Nimehudumia magari ya rali tangu nikiwa msichana mwembamba hadi kuwa bibi mwenye magoti yanayolia, na katika muda wote huo sijawahi hata mara moja kuona gari likikata kona kwa kasi. Nililiona likiondoka na nililiona likirudi. Katikati ya hapo nilikuwa nimeshika spana, nasubiri.

Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Waliopanda vyeo mnawajua wenyewe, na mshahara wangu ulikuwa siri kati yangu na mwenye duka la pale mtaani.

Nilianza kazi Kurasini, kwenye gereji ya malori iliyokuwa nyuma ya yadi za makontena. Mimi ni mtoto wa Temeke, na nyumbani walitegemea nitajifunza kushona. Mjomba wangu, aliyekuwa kuli bandarini, alinipeleka pale nikae ofisini nipokee simu. Simu yenyewe ilikuwa mbovu. Nilikaa natazama ukuta mpaka akaja mlangoni fundi mmoja mfupi, mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili wake, akaniuliza kama naogopa kuchafuka.

Nikasema siogopi.

"Basi njoo unishikie tochi," akasema.

Huyo alikuwa Fundi Elieza, Mpare, mtu wa kanisani, mwalimu ambaye hakuwahi kunifundisha kitu kwa kunieleza. Siku ile ile alitandika gunia chini ya lori, akaniambia nilale, akachuchumaa pembeni.

"Hili limetoka wapi?" akauliza.

"Sijui, Fundi. Mie nimelikuta hapa."

"Sikukuuliza wewe. Nimekwambia uliulize gari."

Hakuwa ameniambia hivyo, lakini sikubisha. Nikamulika. Niliona matope meusi yaliyokauka, na juu yake vumbi jekundu. Kwenye springi ya nyuma palikuwa pamenasa bua la muhindi. Nikasema labda limepita shambani.

"Limepita shambani mvua inanyesha," akasema, "halafu likaenda mbali kwenye vumbi jua likiwaka. Dereva atakuja hapa aape kwamba hajatoka nje ya lami. Usibishane naye. Wewe funga springi."

Dereva akaja, akaapa. Mimi nikafunga springi huku nikijizuia kucheka, na toka siku hiyo ile simu sikuiona tena. Nilirudi nyumbani nguo imeharibika kabisa na mama akanisema mpaka magharibi, lakini usingizi sikuupata kwa furaha. Nilikuwa nimegundua kwamba chini ya kila gari kuna habari, na kwamba wanaozisoma ni wachache.

Fundi Elieza alikuwa na vifaa vichache. Tochi ya chuma iliyobonyea, nyundo ndogo ambayo mpini wake aliuchonga mwenyewe, na miwani ya kuchomelea yenye kioo kimoja kilichopasuka pembeni. Kila tulipomwambia abadilishe kioo alijibu kwamba anaona vizuri pasipopasuka. Kuchomelea ndiko kulikokuwa kwake. Mshono wake ulilala umepangana kama wa cherehani, na watu walileta vyuma kutoka Keko, kutoka bandarini, wengine kutoka Tegeta, wapite kwenye mikono yake. Akimaliza aliugonga mshono kwa ile nyundo, akainamisha kichwa, akausikiliza. Mshono ukimlilia vizuri alisema neno moja tu, "Utafika." Ukimlilia vibaya aliukata, akaanza upya bila kusema kitu.

Sasa nije kwenye rali, maana najua ndiyo mnayoitaka.

Mwenye gereji, Bosi Karim, alikuwa na ugonjwa wa rali. Wiki nzima alikuwa mtu mpole wa malori na risiti, ikifika Jumamosi anavaa helmeti, macho yanambadilika. Alikuwa na gari moja la bluu, na sisi mafundi wake wa malori ndio tuliogeuka kuwa mafundi wa rali. Nyie mnaotazama rali kwenye simu mnadhani sevisi ni mapumziko. Sevisi ni gari linaingia linatoa moshi, chuma kimoto hakishikiki, dereva anapiga kelele, saa inakimbia, na kila mtu ana pembe yake. Pembe yangu ilikuwa mbele kushoto. Fundi Elieza alishika mbele kulia. Tulilala chali kwenye magunia, vichwa vyetu vinakaribia kugusana, tukazungumza kwa kuguna.

Na hapo ndipo shule ya Fundi iliponifaa. Mashabiki waliona gari linaruka. Sisi tulisoma limeruka wapi. Nyasi kwenye rejeta, mchanga wa bahari kwenye breki, sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, imekwaruzwa kutoka kulia kwenda kushoto. Siku moja nilikuta manyoya meupe yamejaa mbele ya rejeta.

"Bosi, umemgonga kuku?" nikauliza.

"Kuku ndiye aliyenigonga mie," akajibu, akafunga mkanda, akaondoka.

Kuna jambo jingine ambalo sijui kama bado lipo. Mafundi wa rali husikiliza. Gari lako likiwa porini hulioni, kwa hiyo unatega sikio, na wa kwanza kulitambua analitaja. Gari letu lilikohoa dereva akiachia mguu wa mafuta, na lilipokanyagwa lilipanda sauti kama mtu anayeitwa ghafla kwenye sherehe yake. Mtu akisema "letu hilo," wote tunaruka, majeki yanaburuzwa, mapigo ya moyo yanaenda mbio. Nimeolewa, nimezaa, nimehiji. Sikumbuki furaha iliyonipandia haraka kama ile ya kusikia "letu hilo."

Rali ninayotaka kuisimulia ilipita Bunju ikazungukia Madale, enzi hizo vilima vya Madale vikiwa pori, kabla watu hawajavijaza nyumba. Bosi Karim hakuwahi kushinda rali yoyote. Alikuwa mtu wa kumaliza katikati, akafurahi, akatununulia soda. Mwaka ule alikuwa na gari zuri na bahati nzuri, na kila mtu wa gereji aliamini kwamba wakati wake umefika.

Lakini mkono wa chini wa mbele kushoto ulipinda kwenye majaribio. Kwa wageni wa kazi hii, mkono ni kile chuma kinacholishika tairi kutoka kwenye kifua cha gari. Mkono mpya ulikuwa umeshafika nchini. Ulikuwa ndani ya kontena bandarini, karibu sana na sisi kiasi kwamba tukipanda juu ya lori tuliliona rundo la makontena ulimokuwa. Karatasi zake tu zilikuwa hazijakamilika. Mliowahi kufanya kazi Kurasini mnaelewa, na ambao hamjafanya siwezi kuwaeleza.

Kwa hiyo Fundi Elieza akaunyoosha ule wa zamani, akauchomelea kipande cha kuutia nguvu. Alifanya kazi ile kutwa nzima. Alikata mara mbili, akaanza upya. Mwishowe akaugonga kwa nyundo, akausikiliza, akaugonga tena. Bosi alikuwa amesimama pale, sisi sote tumesimama.

"Utafika," akasema.

Siku ya rali tuliweka sevisi Bunju. Vipande vya kwanza vya njia ya mashindano Bosi alivimaliza akiwa mbele ya wote. Nilipolala chini kukagua, mshono wa Fundi ulikuwa umejaa vumbi lakini hata unywele wa ufa haukuwepo. Nikamwambia. Niliona mguu wake mmoja unacheza. Kilibaki kipande kimoja, cha Madale. Gari likaondoka linalia, sisi tukaanza kusikiliza.

Likapita la kwanza, si letu. Likapita la pili. Likapita jingine. Kila mlio ukitokea tunainuka, kila ukikaribia tunakaa. Mvua ikashuka, ile mvua ya ghafla inayopiga mabati mpaka hamsikilizani, na sisi bado tumetega masikio kama wajinga. Hatimaye letu likaja, ila halikuja kwa sauti yake. Lilikuja nyuma ya trekta, limefungwa mnyororo, tairi la mbele kushoto limelala ndani.

Fundi Elieza aliingia chini yake na tochi. Alikaa humo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilijua anachotafuta. Alitaka gari limwambie. Lakini lilikuwa limeburuzwa kwenye madimbwi na kunyeshewa, kila alama imeoshwa, chini kote kunang'aa. Akatoka na vipande viwili vya mkono. Ulikuwa umekatika pembeni kabisa ya mshono wake.

"Ilikuwaje, Bosi?" akauliza.

"Hata sijui nikwambie nini. Tulitoka barabarani kidogo, mashabiki wakaturudisha, tukaenda, halafu mbele kidogo ukakatika tu." Bosi Karim alikuwa amelowa, ameshindwa, na bado alikuwa muungwana. Akamshika bega. "Chuma ni chuma, Fundi. Yameisha."

Hapakuwa na mtu aliyeuliza zaidi. Kurudishwa barabarani na mashabiki ni jambo la kila rali. Gari likiingia mtaroni watu wanamwagika, wanalinyanyua, wanalipiga makofi mgongoni, linaenda. Hakuna fundi aliyelihesabu kuwa ni tukio.

Siku iliyofuata Fundi Elieza alinipa miwani yake ya kuchomelea.

"Kaa nayo wewe, binti. Mie sichomelei tena."

Nilidhani ni hasira za wiki moja. Haikuwa hivyo. Alifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, breki, springi, giaboksi, lakini akiletewa kitu cha kuchomelea alisema kipelekwe kwa mwingine. Wapya walidhani macho yake yameharibika. Mimi nilijua ni nini kilichoharibika, na kiliniuma. Mikono bora kuliko yote Kurasini ilikuwa imejifungia, na sikuwa na la kumwambia, kwa sababu vile vipande viwili nilivishika mwenyewe na nikaona palipokatika. Bosi Karim naye aliliuza gari la bluu, akahamia Arusha, na nasikia siku hizi anafuga ng'ombe wa maziwa. Fundi alistaafu akabaki kwake Mtoni. Kila sikukuu nilikwenda kumsalimia, na kila mara nilikuta geti lake limening'inia upande mmoja. Bawaba ilikatika, akalifunga kwa waya. Nikamwambia nitaleta mashine, ni kazi ya muda mfupi tu.

"Liache," akasema. "Linafunga."

Halikuwa linafunga. Mbuzi wa jirani walikuwa wakiingia na kutoka wanavyotaka.

Nilipostaafu nilihamia Bunju kwa mwanangu. Karibu na kwake kuna mahali pa kuoshea magari, singeli inapigwa mpaka madirisha yanatetemeka, na Jumapili mchana hukusanyika pale mashabiki wa zamani wa rali. Walinipa kiti na chai bila kuniuliza mimi ni nani. Waliniona bibi mwenye ushungi aliyechoka kukaa ndani, nami sikuwasahihisha, maana nilikuwa nafaidi. Jamani, raha iliyoje. Maisha yangu yote nilikuwa nimesoma rali kwa matope na mikwaruzo, na hapa walikuwepo watu walioiona kwa macho. Mmoja alisimulia dereva aliyemaliza kipande bila kioo cha mbele, amevaa miwani ya jua ya mwenziwe. Mwingine akasimulia lile gari lililopita katikati ya msafara wa harusi, bibi harusi akalishangilia kuliko mumewe. Wanasimama, wanakata usukani hewani, wanapiga breki kwa miguu, wanabishana mpaka mishipa ya shingo inatoka. Nilikuwa nacheka peke yangu kama mwehu.

Hodari wao alikuwa Shomari, mwenye bucha la Madale, mtu wa miraba minne, keshavuka hamsini lakini akianza habari za rali anakuwa kijana. Jumapili moja walimchokoza.

"Shomari, toa ile yako."

"Mie sitoi. Mmeshaichoka."

"Toa bwana, kuna wageni."

Akavuta stuli katikati, akanitazama mimi mgeni.

"Dada, sie rali tulikuwa tunaila na vumbi lake. Ile kona ya Madale, siku hizi pana duka la mabati, zamani pori tupu. Tumepanda kwenye kichuguu tangu asubuhi, hatujala. Mara tukalisikia. Gari la bluu. Likiachiwa linakohoa, likikanyagwa linapandisha."

Nilikuwa sijausikia mlio ule miaka na miaka, na huyu mtu alikuwa anaufanya kwa mdomo, bila kukosea.

"Likaja, dada, limenyooka. Pale kabla ya kona palikuwaga na tuta. Likapaa. Tairi zote nne ziko juu, unaona mpaka miti ya upande wa pili kwa chini. Sie hakuna anayepumua. Likatua, safi, kama limewekwa na mtu. Tukasema, leo huyu anashinda. Sasa kona ikamkataa. Nyuma ikachapa, mbele ikaingia mtaroni, pua chini."

"Halafu?" akauliza mmoja, ambaye bila shaka alishaisikia mara nyingi.

"Halafu watu tukamwagika. Tunasukuma, haliendi. Tunavuta, haliendi. Dereva ndani anapiga usukani ngumi. Nikasema nyie ngojeni. Nikakimbia nikaburuza gogo la mkorosho, nikalipenyeza huku mbele, tukalikalia watu watatu kwa mpigo. Likainuka lote! Wenzetu wakalidaka, wakalitupa barabarani. Akatupungia mkono, akaondoka, upande upande kama kaa. Mpaka leo nikipita pale nasema, bila sie gari lile lingelala mtaroni."

Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeweka kikombe chini.

"Kaka Shomari, lilikwendaje upande upande?"

"Linavuta kushoto, dada. Anakata kulia ndio liende mbele."

"Na lilipokuja, kabla ya mtaro?"

"Si nimesema limenyooka."

"Hilo gogo ulilipitisha wapi hasa?"

Akainuka, akaenda kwenye gari lililokuwa likioshwa, akachuchumaa mbele kushoto, akaingiza mkono nyuma ya tairi. "Hapa ndani. Kulikuwa na chuma kizuri cha kuegemezea."

Chuma hicho nakijua. Nimelala chini yake nusu ya ujana wangu. Kimeumbwa kushika tairi, hakikuumbwa kubeba gari zima likiwa limekalishwa katikati yake juu ya gogo la mkorosho na watu watatu wamekalia upande wa pili. Hata kipya kingepinda. Chetu kilitoka mtaroni kimeshapinda, ndiyo maana gari lilivuta kushoto, na mbele kidogo kikakatika palipokuwa pagumu zaidi, pasipoweza kupinda, pembeni ya mshono. Na mshono wenyewe ulikuwa umetoka kupaa na kutua safi.

Nilisimama, nikakaa. Nilitaka kumkumbatia Shomari na nilitaka kumpiga na kile kikombe. Lakini nilipomtazama, amekaa kwenye stuli yake anapokea pongezi, sikuweza kusema kitu mbele ya wale watu. Lile lilikuwa tukio la maisha yake.

"Kuna mzee wangu Mtoni," nikamwambia, "angependa sana kuisikia hiyo habari."

Shabiki hasubiri kuombwa mara mbili. Kesho yake alifunga bucha mapema, akanipakia kwenye kigari chake cha mizigo, kile tunachokiita kirikuu, chenye harufu ya nyama na sabuni, na njia nzima alikuwa anafanya mazoezi ya ule mlio. Mimi moyo ulikuwa unanienda mbio kama ninasikiliza gari porini. Nilikuwa na hofu pia. Fundi alikuwa amezeeka sana, na sikujua kama jambo hili atalipokea au litamtonesha tu.

Tulilifungua geti kwa kusokotoa waya. Fundi Elieza alikuwa ukumbini na blanketi miguuni.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, binti. Umemleta nani?"

"Shikamoo, mzee," akasema Shomari. "Mie ni shabiki tu wa rali."

"Marahaba. Mashabiki bado wapo?"

Shomari akaanza. Alisimulia vizuri kuliko Jumapili, maana alisimama, na ukumbi ulikuwa mdogo ikabidi gari lipae juu ya meza ya chai. Alipofanya ule mlio, Fundi alishika mikono ya kiti. Alipofika kwenye tuta, Fundi akamkatiza.

"Lilitua vipi?"

"Safi, mzee."

"Safi vipi? Halikuyumba mbele?"

"Halikuyumba hata kidogo. Kama limewekwa na mtu."

"Rudia hapo."

Shomari akarudia. Gari likapaa tena, likatua tena. Fundi akaniangalia mimi, mara moja tu, kisha akamwambia aendelee. Likaja gogo. Fundi akauliza maswali yale yale niliyouliza mimi, kwa mpangilio ule ule. Lilikuja limenyooka? Liliondokaje? Gogo lilipita wapi? Shomari akainama akaonyesha kwenye mguu wa meza. Fundi akailaza mikono yake mikubwa juu ya blanketi. Mimi nilitazama ukuta, kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka Shomari ashangae.

Mwisho Fundi akasema, "Mlifanya kazi kubwa, kijana. Bila nyie lingelala mtaroni."

Shomari alifurahi hata akasahau kunywa chai.

Furaha hiyo ilimfikisha Mwenge. Hapo tulikwama kwenye foleni, naye akaanza kugonga usukani kwa vidole.

"Dada Zuhura."

"Naam."

"Yule mzee mbona ameniuliza habari za gogo vile? Na wewe Jumapili uliniuliza hivyo hivyo."

Ningeweza kumdanganya. Nilifikiria. Lakini mtu aliyekuuliza swali la ufundi unamjibu kiufundi, ndivyo nilivyolelewa. Nikamweleza mimi ni nani, Fundi ni nani, na ule mkono ulikatika wapi. Nikamweleza habari ya miwani.

Foleni ikasogea, yeye hakusogea. Wakampigia honi.

"Kwa hiyo miaka yote hii najisifia," akasema.

"Mtaroni mlilitoa kweli. Hilo halina ubishi."

"Na tukalivunja."

"Na mkalivunja."

"Mzee amejua?"

"Amejua kabla hujamaliza."

"Akanishukuru," akasema Shomari, na sauti yake ilikuwa nyembamba kwa mtu wa umbo lile. Akaendesha mpaka Bunju. Aliponishusha aliniaga bila kunitazama, nikaingia ndani nikijiuliza kama nimemponya mtu mmoja kwa kumuumiza mwingine. Usiku ule sikulala vizuri.

Asubuhi, chai bado iko jikoni, simu ikaita. Fundi Elieza hapendi simu. Huongea nayo kama anamwita mtu aliye upande wa pili wa barabara.

"Binti, ile miwani bado unayo?"

Ilikuwa kwenye kabati, imefungwa kwenye kitambaa changu cha zamani. "Ninayo, Fundi."

"Iliyopasuka kioo?"

"Ile ile."

"Ilete. Na vijana wako wa gereji wakuazime mashine na vijiti vya kuchomelea. Hili geti limenichosha, mbuzi wamekula mpaka maua ya marehemu mke wangu."

Nikasema nakuja. Nilidhani amemaliza, nikataka kukata, nikasikia anakohoa.

"Na yule bwana wa bucha mlete," akasema. "Geti ni zito, nahitaji mtu wa kuliinua wakati nachomelea. Mwambie aje na mikono yake tu. Gogo aliache huko huko Madale."